Kuingia kwenye mbio za magari: fundi na mtazamaji

SWALI: Kaka yangu anashiriki mbio za klabu, barabara za vumbi. Mimi ni fundi wake. Shemeji na watoto watatazama. Tutaingia lango moja?

JIBU: La. Wewe omba pasi ya fundi mapema. Kaka yako ndiye anayewasilisha majina, na mara nyingi idadi ina kikomo. Pasi hiyo ni ya eneo la matengenezo tu. Beba turubai la kutandika chini ya gari, stendi mbili (usiingie uvunguni kwa jeki peke yake) na kizimamoto. Petroli hujazwa mahali palipotengwa. Ukimkimbilia njiani na spana, ni yeye atakayeadhibiwa.

Shemeji awahi kabla barabara haijafungwa. Wasimame juu ya kingo zilizoinuka, upande wa ndani wa kona; nje ndiko gari linakoteleza, na mtaroni hakuna pa kukimbilia. Magari ya waandaaji yanayotangulia washindani, namba 00 kisha 0, yakishapita, hakuna kuvuka. Gari moja likipita msishuke: vumbi hulificha linalofuata. Subirini gari la mwisho la waandaaji. Mbwa abaki nyumbani, tafadhali.