Kisa Chako, Mdomo Wako: Majibu kwa Barua Zenu

Tangu niandike juu ya ukeketaji, barua zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua tano; kila barua inatangulia, jibu langu linafuata. Majina nimeyaondoa, na mitaa mingine nimeibadilisha kusudi, kwa hivyo msijaribu kubahatisha nani ni nani.

Nina miaka 34, niko Kisauni. Nilikatwa nikiwa na miaka saba, likizo ya Desemba, kwa nyanya. Mume wangu anajua nilikatwa, lakini siku yenyewe sijamhadithia mtu. Wenzangu wanasema nikisimulia nitapona. Naogopa nikianza nitashindwa kunyamaza.

Dadangu, woga wako una akili. Anayekuambia ukisema tu umepona hajawahi kusema.

Mwaka 1986, mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa usiku nne mfululizo juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Wakiandika, mioyo ilizidi kuwa mizito. Lakini miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Kwa hivyo ukitoka na kichwa kinachogonga usidhani umekosea. Na msikilizaji wako wa kwanza si lazima awe mtu. Daftari linatosha, na ukimaliza una haki ya kulichoma jikoni.

Kuna njia nyingine ya wataalamu, iliyotumika pia na wakimbizi Wasomali na Wanyarwanda kule Nakivale, Uganda. Kamba inatandazwa chini. Kila jema maishani unaliwekea ua, kila baya jiwe, toka siku uliyozaliwa. Kwenye kikundi chetu cha Majengo tunatumia asumini na kokoto. Dada mmoja aliweka kokoto lake, kubwa kuliko yote, akakaa kimya muda mrefu. Halafu akaanza kutafuta pa kuweka ua la siku aliyojifunza kuogelea, la cherehani yake ya kwanza, la mtoto wake. Alidhani kamba yote ni lile jiwe. Kumbe kamba ni ndefu.

Jiwe lenyewe, hata hivyo, lisimulie mbele ya mshauri nasaha aliyefunzwa, hasa kama hulali au pumzi hukatika ukikumbuka. Hospitali ya Coast General hapa Mombasa ina kituo cha waliopitia dhuluma za kijinsia. Na kama ulishonwa, mkojo ukawa unatoka matone matone na hedhi ni mateso, hapo tangulia kwa daktari. Kovu linaweza kufunguliwa. Maneno matupu hayafungui kovu.

Shirika limenialika nitoe ushuhuda mbele ya kamera tarehe 6 Februari, siku ya kimataifa ya kupinga ukeketaji. Wamenipa fomu ya Kiingereza nitie sahihi, na nauli shilingi 500. Nifanye nini?

Usitie sahihi leo. Waambie wakusomee fomu hiyo kwa Kiswahili, neno kwa neno, kisha uwaulize: picha yangu itakuwa wapi miaka mitatu ijayo? Nikibadili nia, nampigia nani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuondoa idhini yako. Lakini mimi na wewe tunajua: video ikishaingia WhatsApp ya ukoo, hakuna sheria itakayoirudisha.

Hapa nina deni la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka msichana kuzungumza ukumbini. Alipomaliza, mtu wa nyuma alisimama akamuuliza kama ndoa yake "ina ladha". Watu wakacheka. Mimi niliyemleta, niliyekaa kiti cha mbele, sikusema kitu. Msichana yule hakurudi kikundini, na simlaumu.

Kupona na kutetea ni kazi mbili. Ya pili isile ya kwanza. Agnes Pareyio wa Narok, ambaye mwenyewe alikeketwa, alizunguka vijijini kwa miguu na mfano wa mbao wa viungo vya mwanamke, akionyesha ukeketaji unafanya nini. Mbao ndiyo iliyofunuliwa, si yeye. Waris Dirie wa Somalia naye aliamua mwaka 1997 kumwambia mwandishi wa habari yaliyomkuta, na dunia ikasikia. Wote wawili walichagua wenyewe.

Ushuhuda una nguvu, sikatai. Bunge la Gambia lilipoletewa mswada wa kufuta marufuku ya ukeketaji ya mwaka 2015, manusura walijitokeza kuupinga, na tarehe 15 Julai 2024 mswada ukaanguka. Basi ukikubali, andika kabla sentensi ya kwanza na ya mwisho. Maswali ya baada ya hapo si lazima uyajibu. Usiwataje mama wala shangazi kama hujaongea nao, kwa sababu ukitaja jina unataja pia kosa la jinai. Na nauli si malipo. Kama mpiga picha analipwa siku yake, nawe ulipwe yako.

Mke wangu ameniambia baada ya miaka sita ya ndoa. Nilinyamaza. Nimwambie nini? (Mume, Likoni)

Mwambie ulinyamaza kwa kukosa maneno, asije akadhani ni kinyaa. Kisha muulize anataka nini sasa, usimwambie wewe unataka nini. Na yasifike barazani kwenye kahawa, ndugu yangu, hata kwa rafiki wa chanda na pete.

Sisi watu wa Mombasa hatukeketi. Mbona mnatuchafulia mji?

Kweli, Waswahili na Wamijikenda kwa jumla hawana desturi hiyo. Lakini huu ni mji wa bandari, na jirani yako wa ghorofa ya pili huenda alizaliwa Garissa, Kisii au Kuria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 15 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, kutoka 38 mwaka 1998. Nambari inashuka, lakini walio ndani yake wanakunywa maji ya mfereji mmoja nasi.

Nina miaka 68. Binti zangu watatu niliwapeleka kwa ngariba kwa mkono wangu. Mkubwa hapokei simu zangu. Sasa wakwe wanazungumzia kuwakata wajukuu. Mimi nami nina kisa, au sistahili?

Shikamoo, mama. Unacho, na wakwe watakusikiliza wewe kuliko mimi. Waambie uliyoyaona kwa macho yako: damu, homa, uzazi uliokwama kama ulikuwepo. Halafu waambie ya sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji: jela isiyopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Kumvusha mtoto mpaka wa nchi ili akakeketwe ni kosa, kuridhia kwake si utetezi, na hata kumdhihaki asiyekatwa ni kosa. Ukisikia safari imepangwa, piga 116, simu ya watoto. Ni bure.

Lakini binti zako waje kabla ya wakwe na kabla ya umati wowote. Usianze na "nami nilifanywa hivyo hivyo". Ni kweli, ila kwa huyo mkubwa itakuwa kama mlango unafungwa. Muulize anakumbuka nini, umwache aseme, hata kama maneno yatakuchoma, hata kama atataka kusema mara tatu. Huenda asikusamehe. Kisa chako kitangoja.

Na kwa kuwa simu hapokei: nenda Biashara Street, umnunulie doti ya leso. Jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisome vizuri kabla hujalipa.