Bomu kwenye bakuli la matunda halikumdanganya mtu

Mhariri, salaam.

Wiki hii mmetuuliza: "Picha ya kupangwa ina thamani gani mbele ya picha iliyonaswa tukio likitokea?" Najua wengi watakaojibu wataisimanga hiyo ya kupangwa. Mimi naitetea, na shahidi wangu ni Shadi Ghadirian, mpiga picha wa Tehran, Iran, mzaliwa wa 1974. Maonyesho yake ya peke yake yaliwekwa hapa Lyon, Ufaransa, ninapoishi, katika maktaba kuu ya manispaa pale Part-Dieu, kuanzia Oktoba 2015 hadi Januari 2016. Zilitundikwa kazi zake tangu za mwanzo hadi za wakati huo, na kati ya nilizoziona hakuna tukio hata moja alilolikuta likitokea. Kila kitu alikipanga mwenyewe: nguo, pazia, mwanga, mkao, na kile kitu kimoja kisichotarajiwa ambacho ndicho saini yake.

Saini hiyo ilianza na mfululizo wa picha uitwao Qajar, jina la ukoo wa kifalme uliotawala Iran zamani; ni wa 1998 na 1999. Aliwavalisha rafiki na jamaa zake nguo za wanawake wa Iran wa karne ya 19: mtandio uliobanwa chini ya kidevu, sketi fupi iliyofura juu ya suruali pana. Akawaweka mbele ya pazia la kuchorwa, akazipa picha rangi ya kahawia ya zamani. Ukiwa mbali unaweza kuapa umezikuta kwenye sanduku la nyanya wa mtu. Sogea sasa. Mmoja ana redio kaseti kubwa begani, ya aina ile vijana waliyokuwa wakitembea nayo mitaani miaka ya themanini. Mwingine ana kopo la Pepsi. Yupo mwenye baiskeli, yupo mwenye mashine ya kufyonzea vumbi, yupo mwenye gazeti. Wanakutazama usoni bila kucheka, kama watu walioambiwa na fundi, "tulieni hivyo hivyo."

Iliyonishika zaidi ni ya kioo. Wanawake wawili wamekishika kioo kikubwa, na uso wa kioo umeelekea kwetu. Kwa kawaida ya vioo, tungetegemea kumwona mpiga picha, au tujione sisi. Kinachoonekana ndani ni rafu za vitabu. Yaani vitabu viko upande huu wa kamera, wao wako upande ule wa pazia. Nilisimama hapo muda mrefu nikiwaza ni nani amefungiwa nje ya nini. Picha ya kunasa isingeweza kusema hivyo. Mtu angesubiri mwaka mzima barabarani na kamera yake asiambulie kitu.

Na hapa ndipo swali lenu linapoanza kulegea, Mhariri. Picha zile za zamani ambazo Ghadirian anaziiga nazo zilipangwa. Nasir al-Din Shah, aliyetawala Iran kuanzia 1848 mpaka alipouawa 1896, alikuwa na wazimu wa kamera. Alipiga picha mwenyewe, wakiwemo wake zake ndani ya nyumba ya wanawake, na albamu za ufalme ule zimehifadhiwa Tehran katika Kasri la Golestan mpaka leo. Wake wale walikaa walipoambiwa wakae, wakamtazama mume mwenye amri na kamera kwa pamoja. Wanahistoria leo wanazichukua picha hizo kuwa ushahidi, na ni haki yao, ila ni ushahidi wa kile Shah alichotaka kuona. Ghadirian alizifahamu picha za enzi hiyo alipokuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho ya picha Tehran. Alichofanya ni kuurudia mpango wa wanaume wale, na safari hii mwanamke ndiye aliye nyuma ya kamera.

Sisi wa pwani tusijifanye wageni katika hili. Capital Art Studio ya Unguja ilifunguliwa 1930, na miji yetu mingine nayo ikapata studio zake, zenye mapazia ya kuchorwa na maua ya plastiki. Mama yangu ana picha aliyopigwa Tanga akiwa msichana, ameshika mkono wa simu ambayo waya wake haukwenda popote. Nyumbani hakuna aliyewahi kuiita picha hiyo ya uongo. Tulijua simu si yake, na tulijua kwa nini aliishika.

Sasa niseme la mfululizo wa *Kama Kila Siku*, wa 2000 hadi 2001, kwa sababu ndio uliowapoteza wengi pale Lyon. Ghadirian alikuwa ameolewa, na zawadi zikamiminika: seti za chai, pasi, vyombo vya jikoni. Mwanamke wa Dar au Tanga hahitaji kuelezewa zaidi, maana kichen pati tunazijua. Unaingia na vigelegele, unatoka umezungukwa na sufuria, na kila sufuria ina matarajio ndani yake. Ghadirian alichukua vitambaa vya maua maua vya aina wanayovaa wanawake wa kwao majumbani, akavipanga kwa umbo la mwanamke aliyejifunika kichwa hadi kifuani, na pale penye uso akaweka chombo. Kwenye moja ni pasi, kwenye nyingine ufagio. Moja ina glavu ya mpira ya manjano, moja chujio, moja kikombe cha chai, moja shoka la kukatia nyama. Hakuna macho wala mdomo. Ile ya pasi, ncha imeangalia juu, inakuwa na aina ya kiburi, kama shangazi anayekagua jinsi ulivyokunja mashuka.

Nilicheka, tena kwa sauti. Mama mmoja mtu mzima kando yangu akamgeukia mwenzake akanong'ona, "Maskini wanawake hawa." Ilikuwa Novemba, siku chache baada ya mashambulizi ya Paris ya tarehe 13, hali ya hatari imetangazwa nchi nzima, na mtandio wowote ulikuwa unatazamwa mara mbili. Namwelewa. Alipoona kitambaa kichwani, macho yake hayakufika kwenye pasi. Lakini pasi ndiyo habari yenyewe! Yule mama naye bila shaka ana pasi kwake, na sidhani kama ni mumewe anayeishika. Ulaya imezoea kuzitazama picha za Ghadirian kama barua za kuomba msaada kutoka Tehran. Mimi naziona kama maneno ya mwanamke kuhusu nyumba, yanayosemwa kwa mzaha wa wanawake wakiwa peke yao, ule ambao mume akiingia unakatika.

Tuje kwenye vita, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka.

Julai 2008 Walinzi wa Mapinduzi, kikosi cha kijeshi cha Iran, walisambaza picha ya majaribio ya makombora. Manne yanapaa kwa pamoja, vumbi limetanda chini. Magazeti makubwa ya Marekani yaliiweka ukurasa wa kwanza. Muda si muda wenye macho makali wakagundua kwamba moja ya makombora hayo ni la kubandikwa: moshi na vumbi lake vimenakiliwa kutoka kwa jirani zake. Yaliyoruka yalikuwa matatu. Shirika la habari lililoisambaza duniani likaiondoa. Ile ilikuja kwetu na sura zote za picha iliyonaswa: jangwa, moshi, hatari, haraka. Na ndiyo iliyotudanganya.

Mwaka huo huo Ghadirian alitoa mfululizo wake wa *Nil, Nil*. Chukua ile ya bakuli la matunda: matunda yamepangwa vizuri kama ya kumkaribishia mgeni, na katikati yake limelala bomu la kutupa kwa mkono. Katika nyingine, kofia ya chuma ya askari imetundikwa ukutani pamoja na mtandio wa kike. Nyingine ina viatu vyekundu vya visigino virefu, na ubavuni mwake buti za jeshi zenye damu, kana kwamba wenyewe wameingia ndani pamoja wakavua mlangoni. Hakuna mtu atakayeamini kwamba mpiga picha alipita akalikuta bomu kwenye matunda. Picha inakiri tangu mwanzo kwamba imepangwa, na kwa kukiri huko inakuacha huru kujiuliza jambo la maana: vita vinakaa wapi vikirudi nyumbani? Vita vya Iran na Iraq vilianza Septemba 1980 vikaisha Agosti 1988, na mpaka wa nchi hizo mbili ukabaki palepale. Ghadirian aliupitisha utoto wake wa shule ndani ya vita hivyo. Mwanzoni mwa 1988 makombora ya Iraq yalikuwa yakidondoka Tehran kwenyewe, kwenye nyumba zenye mabakuli ya matunda mezani. Jina la mfululizo, kwa Kiingereza, linasomeka kama matokeo ya mechi ya bila bila.

Sisemi kila alichokipanga kimefaulu. *White Square*, alioufanya baadaye, hauniingii. Ni vifaa vya kijeshi kimoja kimoja, juu ya weupe mtupu, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu. Nyumba imeondoka, na ilipoondoka nyumba ukaondoka na ule mgongano. Zimebaki bidhaa nzuri za dirishani.

Wala sitaki kuidharau ya kunasa. Agosti 1979 Jahangir Razmi wa gazeti la Ettela'at alipiga picha ya kikosi kikiwafyatulia risasi Wakurdi waliofungwa vitambaa usoni, katika uwanja wa ndege wa Sanandaj. Gazeti liliichapisha bila jina lake ili kumlinda. Mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mshindi akiandikwa kuwa hajulikani, na jina lake halikutoka hadharani hadi 2006. Picha ile ingekuwa ya kupangwa isingekuwa na uzito wowote. Thamani yake yote iko katika kuwapo kwake pale, kamera mkononi, bunduki zikilia.

Lakini je, pale ambapo hakukuwa na Razmi? Azadeh Akhlaghi, mwenzake Ghadirian katika fani na raia wa nchi hiyo hiyo, alilitafutia jibu swali hilo. Mfululizo wake, ulioonyeshwa Tehran 2013 katika Mohsen Gallery, una picha 17 za vifo mashuhuri vya historia ya Iran ambavyo hakuna kamera iliyovinasa. Amesoma magazeti ya siku zile na masimulizi ya walioshuhudia, akakodi waigizaji, akavijenga upya. Kipo cha mshairi Forough Farrokhzad, aliyekufa kwa ajali ya gari Februari 1967, na cha Gholamreza Takhti, mwanamieleka wa dhahabu ya Olimpiki ya 1956, aliyekutwa amekufa hotelini Januari 1968 na ambaye Wairani wanabishania kifo chake mpaka leo. Katika kila picha amejichomeka mwenyewe, mwanamke mwenye mtandio mwekundu. Huyo mtandio mwekundu ndio unaomwokoa, kwa maoni yangu. Bila yeye mtu angeweza kuikata picha, kuisambaza kwenye simu, na baada ya miaka kumi ikawa "picha halisi ya kifo cha Takhti". Yeye akiwemo, picha haikatiki kirahisi, na kila anayeitazama anauliza, huyu naye alifikaje hapa?

Kwa hiyo nyie wa jarida, zichapisheni picha za kupangwa, ila zisiwe karibu na safu ya habari, na chini yake liwekwe jina la aliyepanga kwa herufi zinazosomeka. Mkitafuta pa kuanzia, iombeeni ruhusa ile ya kioo na vitabu. Msiikate pembeni ili itoshe ukurasa. Pazia lionekane mpaka mwisho, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapoambiwa kwamba yuko studio.

Msomaji wenu, Lyon