IgE ipo juu, dawa za aleji hazisaidii: pua ina nini?

Mkuu mleta mada, umeandika kwamba mafua hayaishi mwaka mzima, usiku pua inaziba, harufu ya chakula huisikii tena, IgE ya damu imekuja 640, na setirizini, dawa ya aleji, umemeza mpaka umechoka. Mimi si daktari, ni fundi umeme tu hapa Dar, ila pua ya namna hiyo nimeishi nayo miaka, na vipimo nilivyopitia vinaweza kukupunguzia mzunguko.

Hiyo IgE kwanza. IgE ni kingamwili zinazohusika na aleji; namba hiyo ni jumla yake yote kwenye damu, na haisemi zimelenga nini. Maabara nyingi huweka kikomo cha mtu mzima karibu na 100, lakini minyoo, safura na kichocho vinaweza kuipandisha hadi mamia au maelfu bila pua kuhusika kabisa. Yangu nayo ilikuwa juu. Daktari wa kwanza alipoiona tu akaandika aleji. Wa pili, bingwa wa masikio, pua na koo, akauliza kama choo kimewahi kupimwa. Kilipopimwa ikaonekana safura, nikapewa albendazoli, dawa ya minyoo, IgE ikashuka taratibu. Mafua yakabaki palepale! Namba ile na pua yangu hazikuwa na undugu.

Ndipo nikapelekwa kipimo cha ngozi. Wanakudondoshea matone mkononi (utitiri wa vumbi, mende, paka, ukungu, chavua ya nyasi), kila tone wanalichoma juujuu, unasubiri dakika 15 hadi 20. Kuna tone la histamini (kemikali ya mwilini inayoleta muwasho na uvimbe wa aleji) ambalo lazima livimbe, na la maji ya chumvi ambalo halitakiwi kuvimba. Kipele kikilizidi lile la maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, kinga yako inakitambua kitu hicho. Antihistamini, yaani dawa za kuzuia histamini kama setirizini, ziache kama wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari, la sivyo mkono utakaa kimya hata kama una aleji ya kutupwa. Kwangu ilivimba histamini peke yake.

Hapa ndipo wengi huambiwa "huna aleji, nenda nyumbani". Bingwa wangu alichukua kamasi kwa kijiti cha pamba, akapaka kwenye kioo, ikapelekwa kwenye hadubini. Eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zilijaa.

Kwenye aleji ya kawaida, utitiri ukigusa IgE iliyokaa juu ya seli masti (seli za kinga zinazohifadhi histamini), seli hizo humwaga histamini ndani ya dakika chache: chafya, muwasho, maji yanachuruzika. Saa 4 hadi 8 baadaye zinafika eosinofili, zikiitwa na kemikali kama intaleukini 5, na hizo huchangia sana kuiacha pua imevimba na kuziba. Sasa kuna watu ambao eosinofili hujaa puani bila IgE kuwa na mkono humo. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1981 na Jacobs na wenzake, ikaitwa NARES, kifupi cha Kiingereza cha mafua yasiyo ya aleji yenye eosinofili nyingi. Wenye nayo mara nyingi hupoteza harufu, ndiyo maana nimesimama kwenye uzi wako. Setirizini inazuia histamini. Eosinofili haizishughulikii sana. Kilichonisaidia ni dawa ya kupuliza yenye steroidi. Inapulizwa kila siku, kichwa umekiinamisha kidogo, ncha ukielekeza upande wa nje, usilenge ukuta wa katikati maana utatoka damu. Usitegemee muujiza siku ya kwanza, wiki kadhaa ndiyo utaona tofauti.

Kamasi ikikutwa safi bila eosinofili, na pua inachuruzika ukipigwa na baridi ya kiyoyozi, moshi au manukato, wanafikiria zaidi mishipa ya fahamu, na dawa yake inaweza kuwa nyingine. Wapo pia ambao ngozi na damu zinakana aleji kumbe pua yenyewe inatengeneza IgE yake. Hao hujulikana kwa kuwekewa kile kinachoshukiwa puani. Kipimo hicho mimi sikufanyiwa.

Mchangiaji aliyekushauri upime CRP na ESR, vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini, nadhani ana nia njema, lakini ni pesa ya bure. Mafua ya aina hii mara nyingi hayavitikisi vipimo hivyo. Na kama unatumia yale matone ya kuzibua pua ya oksimetazolini, useme: yakizidi kama wiki moja yenyewe huanza kuiziba.

Ningekuwa wewe ningeanza na choo, kisha ngozi, kisha kamasi. Ukifika kwa bingwa mwombe aangalie kama kuna vinyama vya pua, na kama aspirini au diklofenaki huwa inakubana kifua, hilo mwambie kabla hajakuandikia chochote.