Wawili na mabegi mgongoni: Tallinn, Riga na Vilnius wakati wa vuli

Mtu akiniuliza ni lini mume na mke waizunguke miji ya Baltiki wakiwa na mabegi yao mgongoni, humjibu kwamba waende mwishoni mwa Septemba, waanzie Tallinn na washuke kusini hadi Vilnius. Katika nchi hizo majani huanza kubadilika rangi upande wa kaskazini, na baridi hufuata njia hiyo hiyo. Anayetoka Tallinn, Estonia, kupitia Riga, Latvia, hadi Vilnius, Lithuania, huandamana na vuli yenyewe, yaani majira ya Ulaya ya majani kupukutika, ilhali anayepanda kutoka kusini hukuta miti mitupu na upepo wa baharini siku ambazo miguu yake imekwisha kuchoka.

Linalowashangaza zaidi wageni kutoka kwetu ni mwanga, kwa kuwa sisi tumezoea jua linalochomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Mwishoni mwa Septemba Tallinn haitofautiani sana na Dar es Salaam: kunapambazuka mnamo saa moja asubuhi na jua huzama mnamo saa moja jioni, na hata saa za ukutani zinalingana na za Afrika Mashariki, hivyo kumpigia simu bibi aliyebaki na watoto hakuhitaji hesabu yoyote. Kuanzia hapo, hata hivyo, kila siku hupungukiwa na zaidi ya dakika tano za mwanga. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jua la Tallinn huanza kuzama mnamo saa kumi na nusu alasiri. Ndiyo maana nashauri asubuhi yote itumike nje, na makumbusho, makanisa na migahawa viachiwe alasiri. Nunueni pia viakisi mwanga viwili siku ya kwanza, vile vipande vidogo vya plastiki vinavyoning'inizwa kwenye koti ili dereva akuone gizani, kwa sababu Estonia sheria inamtaka mtembea kwa miguu avivae na bei yake ni ndogo.

Kuhusu viza, nchi zote tatu zimo katika eneo la Schengen na zinatumia euro, hivyo viza moja na pochi moja vinatosha. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile mtakayoingia kwanza. Kila mmoja anawasilisha nyaraka zake mwenyewe pamoja na bima ya afya ya safari inayolipia gharama zisizopungua euro 30,000, na iwapo mmoja wenu ndiye anayemlipia mwenzake, ambatanisheni cheti cha ndoa bila kusubiri kuulizwa. Tiketi ya ndege nayo ikatwe ya kuingilia Tallinn na kutokea Vilnius, maana kurudi mlikotoka kwa ajili ya ndege ni kupoteza siku nzima. Turkish Airlines inafika katika miji yote mitatu kupitia Istanbul.

Huko, begi la mgongoni lina faida yake. Miji mikongwe yote mitatu imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, Vilnius tangu 1994, Riga na Tallinn tangu 1997, na njia zake nyingi zimetandikwa mawe ya mviringo ambayo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Nimewaona watu wakiburuta masanduku ya magurudumu kwenye mteremko wa Pikk Jalg pale Tallinn, na sikutamani kuwa wao. Chukueni viatu visivyopitisha maji, koti la mvua badala ya mwavuli, na nguo nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine, kwa kuwa Oktoba mtatoka nje kwenye nyuzi joto tano na kuingia kwenye basi lenye joto la kuwatoa jasho.

Wengi hudhani kwamba anayesafiri na begi ni lazima alale katika bweni la hosteli. Kwa mtu mmoja hesabu hiyo ni sawa. Kwa wawili, vitanda viwili vya bweni mara nyingi hukaribia bei ya chumba kidogo cha faragha, na chumba hicho kikiwa na jiko tofauti inarudi kupitia chakula. Isitoshe, vuli ina jioni ndefu, na jioni ndefu ndani ya bweni la watu wanane si ya kumtakia mtu aliye na mwenzi wake.

Masoko ndiyo yatakayowalisha. Soko Kuu la Riga, lililofunguliwa mwaka 1930, liko katika mabanda matano yaliyojengwa kwa vyuma vya mabanda ya Zeppelin za Wajerumani, yale maputo makubwa ya kusafiria angani, hatua chache kutoka kituo cha mabasi. Vuli ndiyo msimu wake: uyoga wa manjano na matunda madogo mekundu ya porini huuzwa kwa vipimo, na kwenye banda la mboga kuna akina mama wenye ndoo za kabichi iliyochachuliwa. Mmoja wao alitupa kila mmoja wetu kipande cha kuonja, akatutazama bila kutabasamu hata kidogo hadi tulipomeza, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika na kutupimia nusu kilo ambayo hatukuwa tumeiomba. Msitafsiri ukimya huo kuwa dharau. Watu wa huko hawana desturi ya kumsalimia kila wanayepishana naye, na anayetoka penye shikamoo na habari za asubuhi huhitaji siku kadhaa kuuzoea.

Wasomaji Waislamu wajue kwamba nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi, hata ndani ya vile ambavyo kwa jina ni vya viazi au kunde, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, jibini na mkate mweusi wa nafaka ya rai kwa kawaida havina nyama hiyo. Kule Trakai, karibu na Vilnius, penye ngome iliyojengwa kisiwani katikati ya ziwa, Wakaraimu, jamii ndogo ya huko, wana maandazi ya kuoka yaitwayo kibinai, ambayo kwa asili hujazwa nyama ya kondoo.

Mkiwa na siku moja tu ya kutoka nje ya miji, ipeni Sigulda. Ni karibu kilomita 50 kutoka Riga kwa treni, na bonde la mto Gauja mwanzoni mwa Oktoba huwa la manjano na mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Vukeni bonde kwa gari linaloning'inia kwenye kamba ya chuma, tembeleeni ngome ya matofali mekundu ya Turaida, kisha rudini kwa miguu mkipita pango la Gūtmaņala, ambalo kuta zake zina majina yaliyochongwa na wageni wa karne zilizopita. Ondokeni Riga mapema, maana njia ya msituni si ya kutembea gizani.

Sasa kuhusu ninyi wawili. Sisi tuna kanuni kwamba anayesikia baridi zaidi ndiye anayeamua lini tuingie ndani, na mwenzake habishi. Imetuepusha na ugomvi mwingi, kwa kuwa watu wawili waliolowa na kushikwa na njaa hugombana juu ya ramani ilhali tatizo si ramani. Pesa za matumizi tunaziweka katika pochi moja inayoshikwa kwa zamu, na katika kila mji tunaachana kwa nusu siku: mume wangu huenda kwenye makumbusho ya reli au meli, nami nikapotelea sokoni au, tukiwa Tallinn, Kadriorg, bustani ambayo Petro Mkuu wa Urusi aliianzisha mwaka 1718. Usiku tunakuwa na ya kusimuliana.

Sauna, chumba chenye joto kali cha kuogea mvuke, msiikose, hasa Estonia. Katika sauna za umma wanaume na wanawake huwa na sehemu zao na watu huingia bila nguo, jambo ambalo wengi wetu hatutalipenda. Kodini sauna ya faragha kwa saa moja au mbili, muwe peke yenu.

Mkifika Vilnius na siku ikabaki, pandeni treni hadi Kaunas, mwendo wa saa moja na ushei. Humo umo msikiti mdogo wa matofali uliojengwa miaka ya 1930 na Watatari, Waislamu ambao mababu zao waliletwa Lithuania na Mtawala Vytautas zaidi ya miaka 600 iliyopita. Upo ndani ya bustani ya jiji, na kutoka kituo cha treni mnaweza kufika kwa miguu.