Maswali Yenu: Nikaha ya Msikitini Uingereza, na Cheti cha Serikali

(Majibu ni ya England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao.)

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni Mkenya, nasoma Leicester kwa viza ya mwanafunzi. Mchumba wangu ni raia wa Uingereza. Nikaha yetu ni mwezi ujao msikitini, na sheikh ameahidi kutuandikia cheti. Je, kinatosha kuombea viza ya mke? – Z., Leicester

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, dada Z. Hakitoshi. Nikaha iliyotimia wali (msimamizi wa bibi harusi, kwa kawaida baba yake), mashahidi wawili, ijabu na kabuli (tamko la kuozesha na la kukubali) ni ndoa mbele ya dini, ila serikali haiihesabu mpaka ifungwe kwa utaratibu wake. Februari 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Akhter na Khan, waliooana kwa nikaha tu katika mgahawa mmoja London mwaka 1998 na kupata watoto wanne. Ilisema ile haikuwa hata ndoa batili. Hapo ndipo wanawake wetu wanapoumia: ndoa batili humpa mke mlango wa kuomba mahakama igawe mali, lakini nikaha isiyosajiliwa haimpi mlango huo. Mume akifa bila wosia, mke huyo hahesabiwi mjane katika mirathi.

Mwezi ujao hamtawahi. Kwanza mtoe taarifa ya kusudio la ndoa, na kila mmoja awe ameishi wilaya yake ya usajili siku 7 kamili kabla ya kuitoa. Kwa kuwa wewe ni mgeni mwenye viza, mnakwenda wote wawili pamoja, tena kwenye ofisi iliyoteuliwa kwa kazi hiyo; si kila ofisi inapokea. Wekeni miadi mapema. Chukueni pasipoti, uthibitisho wa anwani, uthibitisho wa viza yako na picha ndogo za pasipoti. Aliyewahi kuoa au kuolewa alete hati ya mwisho ya talaka ya mahakama au cheti cha kifo. Hati isiyo ya Kiingereza iende na tafsiri iliyothibitishwa. Angalieni sana majina: cheti cha kuzaliwa chenye majina matatu na pasipoti yenye mawili huzua maswali ambayo ni afadhali kuyamaliza nyumbani.

Kisha mnasubiri siku 28. Wizara ya Mambo ya Ndani ikitaka kuchunguza kama ndoa ni ya kweli, zinakuwa 70. Kwa hiyo hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe viza yako inapokwisha, na msilipe ukumbi kabla. Taarifa hudumu miezi 12 na hutaja mahali pa kufungia ndoa. Mkibadilisha mahali, mnaanza upya na kulipa tena.

Muulizeni sheikh jambo moja: msikiti umesajiliwa kwa ajili ya kufungisha ndoa, au kwa ibada tu? Ni usajili wa aina mbili, na misikiti mingi ina ule wa ibada pekee. Ukiwa na wa ndoa, nikaha na ndoa ya serikali hufanyika pamoja, mbele ya msajili au mtu aliyeidhinishwa, na fomu mliyotia saini irudishwe ofisini ndani ya siku 21, la sivyo cheti hakitoki. Usipokuwa nao, fungeni ndoa ya serikali asubuhi, nikaha alasiri. Huko ofisini hapasomwi dua wala Fatiha. Tunashauri sana ndoa ya serikali itangulie, kwani nikaha ikishapita familia huridhika, na karatasi huahirishwa mwaka hadi mwaka.

SWALI: Niliolewa kwa msajili Birmingham. Mume amenipa talaka mbele ya sheikh na eda imekwisha. Naweza kusajili ndoa mpya? – Mama S.

JIBU: Bado, mama. Talaka iliyotolewa ndani ya Uingereza bila mahakama haivunji ndoa ya serikali, na ukisajili nyingine sasa utaingia katika kosa la jinai. Peleka ombi mahakamani. Tangu 6 Aprili 2022 huhitaji kuthibitisha kosa la mume, wala yeye hawezi kuzuia kwa kukataa tu. Zinapita wiki 20 mpaka amri ya awali, halafu wiki 6 na siku moja ndipo uombe amri ya mwisho. Madai ya mali yawasilishe kabla hujaolewa tena, maana ukishaolewa unaweza kuyakosa.

SWALI: Baba yangu yuko Pemba na hana viza. Nani ataniozesha? – Binti wa Reading

JIBU: Msajili hataki wali; anataka nyinyi wawili na mashahidi wawili, wote mkiwapo chumbani. Kwa upande wa nikaha, baba amfanye sheikh kuwa wakili wake. Ampigie simu mbele ya mashahidi, amtaje bwana harusi kwa jina kamili na kiasi cha mahari, kisha atume uwakala huo kwa maandishi yenye saini yake, ubaki kwenye jalada la msikiti.