Maswali Yenu: Nani Alimfunga Bwana Asiuze Shamba Lake?

Swali: Assalam aleikum. Kwenye filamu za Uingereza ya zamani namuona bwana ana jumba na maelfu ya ekari, lakini hawezi kuuza hata kipande, na akifa binti zake wanahama. Kama mali ni yake, nani kamfunga mikono? Na je, si ndiyo wakfu wetu kwa jina jingine?
Msomaji, Kibokoni

Jibu: Waaleikum salaam. Aliyemfunga ni babake, na yeye mwenyewe alitia sahihi. Tangu karne ya 17 familia zile ziliandika hati, mara nyingi kijana mkubwa anapooa, iliyogawa umiliki kwa zamu. Bwana arusi alipewa kukaa na kula mapato maishani mwake tu. Baada yake ingefuata zamu ya mwanawe wa kwanza, ambaye wakati wa kuandika hata hakuwa amezaliwa. Mla mapato hawezi kuuza kilicho cha mwingine baada yake, na wadhamini waliwekwa kulinda haki ya huyo asiyezaliwa.

Sheria haikuruhusu kufunga milele: mwisho ulikuwa uhai wa mtu aliyepo pamoja na miaka 21. Kwa hivyo fundo lilifungwa upya kila kizazi. Kijana akitimiza miaka 21 angeweza, yeye na babake wakikubaliana, kulifungua lote. Hapo baba humwambia: tia sahihi hati mpya, upate posho ya kila mwaka kuanzia sasa. Kijana hana kipato, shamba haliji mkononi mpaka baba afe, basi anakubali. Kwa sahihi hiyo anashuka kuwa mla mapato kama babake, na mwanawe asiyezaliwa anachukua nafasi yake. Ujanja wote ulikuwa hapo.

Hati hiyohiyo ilitaja fungu la mjane la kila mwaka, na mafungu ya mabinti na wana wadogo. Fedha hizo zilikuwa deni juu ya ardhi, kama rehani. Vizazi vitatu vikipita, kodi ya wakulima inaishia kwenye riba na mafungu ya wajane, paa linavuja, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuza ekari 50 kuziokoa zilizobaki. Sheria ya 1882 ndiyo iliyompa mla mapato uwezo wa kuuza, lakini fedha ziingie kwa wadhamini au mahakamani, zisipite mkononi mwake. Ile kanuni ya ardhi yote kwenda kwa mwana mkubwa pasipo wasia iliondolewa na sheria za 1925.

Wakfu ni jambo jingine. Ukishatamkwa, kwa madhehebu ya Shafi tunayofuata Pwani, asili ya mali imetoka mikononi mwa watu. Kinacholiwa ni pato, wanaolila ni wote waliotajwa, wa kike kwa wa kiume, na kizazi kikikatika linakwenda kwa maskini au msikiti. Hakuna kijana wa miaka 21 wa kuufungua. Mwaka 1894, katika kesi ya India, majaji wa London walibatilisha wakfu wa familia kwa hoja kwamba sehemu ya maskini iko mbali mno, na msimamo huo ukafuatwa hadi Afrika Mashariki. India ilijirekebisha kwa sheria ya 1913. Kenya ilingoja sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951. Kwetu sisi hukumu ile ya 1894 ilikuwa dhuluma: mabwana wa kwao waliachiwa kufunga ardhi kizazi baada ya kizazi bila kumtaja maskini hata mmoja.

Swali: Baba ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, nyumba bila ardhi: ardhi ni ya mwingine, tunamlipa kodi. Anataka kumuandikia wasia dada yangu anayemuuguza aichukue yote. Mama yuko hai. Sisi ni wavulana wawili na wasichana watatu.
Msomaji, Majengo

Jibu: Kwa wasia haiwezekani. Dada yako ni mrithi, na mrithi hausiwi ila wenzake waridhie baada ya kifo. Asiye mrithi huusiwa mpaka thuluthi ya mali, baada ya gharama za mazishi na madeni, mahari ambayo mama hajalipwa yakiwemo. Mkiacha mirathi ijiendee, mafungu ni manane: mama moja, kila mvulana mawili, kila msichana moja. Vyumba sita haviingii kwenye mafungu manane, kwa hivyo mtagawana kodi, au mmoja atawanunua wenzake.

Njia iliyobaki ni hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai: baba atamke, dada akubali, akabidhiwe. Nyingi huvunjika kwenye kukabidhi. Mzee anaendelea kupokea kodi ya wapangaji, kitabu cha risiti za ardhi kina jina lake, na akifa ndugu wanasema hakuwahi kutoa. Nyumba yenu haina hati miliki. Ushahidi wenu ni mkataba wa mauzo na risiti za kodi ya ardhi. Basi andikeni hiba yenye nambari ya ploti, mipaka na idadi ya vyumba, mbele ya mashahidi wawili wasio warithi. Mwenye ardhi abadilishe jina kwenye kitabu. Wapangaji waandikiwe kwamba mwezi ujao wanamlipa dada.

Haya yafanyike baba angali mzima. Hiba ya maradhi ya mauti hurudi kwenye hukumu ya wasia, nanyi mtakuwa pale pale. Na awaambie watoto wote kwa kinywa chake. Kumpendelea mmoja pasipo haja ni makuruhu. Kuuguzwa ni haja, lakini waisikie kwake.

Swali: Duka la babu Mji wa Kale ni wakfu. Mutawalli, msimamizi wake, amefariki, na kodi huchukuliwa na binamu yeyote anayewahi.
Msomaji, Likoni

Jibu: Someni hati kwanza: huenda imemtaja mrithi wa mutawalli. Kama haikumtaja, ombeni uteuzi kupitia Tume ya Wakfu iliyoundwa na sheria ya 2022. Wakati mkingoja, fungueni akaunti moja yenye sahihi mbili, wapangaji walipe huko tu, na matengenezo yatolewe kabla ya mgao. Wiki hiihii fanyeni upekuzi kwenye masjala ya ardhi. Ikiwa duka bado limeandikwa jina la babu bila neno wakfu, mjukuu yeyote anaweza kufungua mirathi na kuliuza, kwa hivyo wekeni zuio la kuuza hapo masjala kabla hamjaanza kubishana juu ya mutawalli.