Licey, Escogido na uwanja wao mmoja

SWALI: Ndugu mwandishi, nimesoma kwamba Licey na Escogido, watani wa jadi wa besiboli jijini Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika, wote wanachezea Estadio Quisqueya. Wakikutana, mwenyeji ni nani? Na je, si afadhali kila timu ingekuwa na kwake?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenyeji ni yule aliyepangwa na ratiba ya siku hiyo, na uenyeji huo una faida ya kweli. Katika besiboli mgeni ndiye anayeanza kupiga. Mwenyeji hupiga wa mwisho katika kila awamu. Escogido akiwa mwenyeji na akafika awamu ya tisa, ambayo ni ya mwisho, akiwa nyuma kwa pointi moja, Licey atamaliza zamu yake ya kupiga, kisha Escogido bado ana nafasi ya kugeuza matokeo. Ila majukwaani hakuna mgeni. Buluu ya Licey na nyekundu ya Escogido zinachanganyika safu kwa safu.

Hilo la kila mmoja kwake nalipinga kabisa. Licey ilianzishwa mwaka 1907, Escogido mwaka 1921, na ushindani wao umeshapita katika jaribu zito kuliko kugawana vyumba vya kubadilishia nguo. Mwaka 1937, wakati jiji lenyewe lilikuwa limepewa jina la dikteta Rafael Trujillo, timu hizi mbili ziliunganishwa kuwa moja: Dragones de Ciudad Trujillo. Wakaletwa nyota weusi kutoka Marekani, ambao ligi kuu ya kwao iliwafungia mlango, akina Satchel Paige na Josh Gibson. Ubingwa ulipatikana, lakini fedha zilitumika kupita kiasi, na ligi ya kulipwa haikurudi hadi 1951. Nawahurumia mno mashabiki wa enzi ile. Fikiria shabiki wa Licey akiambiwa amshangilie Escogido! Kuishi nyumba moja ni sawa. Kulazimishwa kuwa mtu mmoja si sawa hata kidogo.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa tarehe 23 Oktoba 1955, nao ukabeba jina la Trujillo. Mwaka huohuo ligi ilihama kutoka kiangazi kwenda majira ya baridi, ili Wadominika wanaocheza Marekani waweze kurudi kucheza nyumbani msimu wa huko ukiisha. Trujillo aliuawa Mei 1961, na jina lake likaondolewa. Mwaka 2015 likaongezwa la Juan Marichal, mrushaji wa San Francisco Giants ya Marekani, Mdominika wa kwanza kuingia katika Jumba la Magwiji wa besiboli, mwaka 1983. Nyumbani Marichal aliichezea Escogido, kwa hiyo shabiki wa Licey akienda uwanjani anapita chini ya jina la gwiji wa watani zake. Mimi nalipenda sana jambo hilo.

Uwanja hupokea pia matamasha ya muziki, na mwaka 2012 Escogido walitwaa hapo ubingwa wa Karibea. Machi 2024 timu za Marekani, Boston Red Sox na Tampa Bay Rays, walikwenda hapo kucheza mechi za maandalizi ya msimu.

Ukijaliwa kufika, nenda kati ya Novemba na Desemba, na usinunue tiketi kabla ya kutazama ratiba: tafuta usiku ambao Licey na Escogido wanakutana wao kwa wao.